Uvimbe wa Taya kwa Mtoto: Kile Kinachotendeka Ndani ya Seli

Leo tutaongea juu ya jambo ambalo wengi hulipisha wakisema ni la maprofesa: jinsi seli za mwili zinavyopeana amri, na jinsi amri hizo zikivurugika saratani huanza. Usizime redio. Mama akielewa jambo hili ataelewa pia kwa nini uvimbe fulani kwa mtoto hauwezi kungoja mwisho wa mwezi, na kwa nini uvimbe huo huo, ukipata dawa mapema, huyeyuka hadi majirani wakashangaa.

Saratani ninayotaka kuitaja inaitwa limfoma ya Burkitt. Huwapata sana watoto, hasa wa miaka minne hadi saba, na wavulana zaidi ya wasichana. Mara nyingi huanzia taya. Wakati mwingine huanzia tumboni, au nyuma ya jicho likatokeza nje.

Mtu wa Makongeni anaweza kusema, hiyo ni ya huko ziwani, si yetu hapa Thika. Ni kweli kwamba ugonjwa huu huonekana zaidi mahali penye malaria nyingi, kando ya Ziwa Victoria na kule Pwani, na Thika yetu si mahali pa malaria nyingi. Lakini hebu angalia ploti unayoishi. Mlango huu ni wa mtu wa Murang'a, unaofuata ni wa Siaya, ule wa kona ni wa Busia, na juu kuna mama wa Kilifi. Watu walikuja hapa kufuata kazi za viwandani na za mashamba ya mananasi. Shule zikifungwa watoto hupelekwa nyumbani, na wako wengi wanaolelewa na nyanya zao huko hadi umri wa kuanza shule ndipo huletwa mjini. Mtoto kama huyo anaweza kuugua akiwa hapa hapa Makongeni, mbele ya daktari ambaye hajaona ugonjwa huo kwa miaka mingi. Kwa hivyo, ukimpeleka mtoto mwenye uvimbe hospitalini, mwambie daktari mtoto ameishi wapi na kwa muda gani, hata kama hakukuuliza. Neno hilo moja huweza kuokoa majuma mawili.

Sasa tuingie ndani ya seli. Mwili umejengwa kwa seli, vijumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Wengi wenu mnajua kiwanda kinavyoendeshwa, basi chukua kila seli kama kiwanda. Ofisini kuna kitabu kikubwa cha maagizo yote, na kitabu hicho hakitoki ofisini kamwe. Hiyo ndiyo DNA. Agizo moja ndani ya kitabu huitwa jeni. Kinapotakiwa kitu kitengenezwe, karani hunakili agizo hilo kwenye kikaratasi na kukituma kwenye mashine. Kikaratasi hicho ni aina ya RNA. Mashine hukisoma na kutengeneza protini, na protini ndizo zinazofanya kazi karibu zote za mwili.

Kwa miaka mingi wanasayansi walidhani habari inaishia hapo. Kisha mwaka 1993 wakagundua kitu katika mnyoo mdogo wa udongoni, mfupi kama milimita moja tu. Waliona kwamba kuna vipande vya RNA vifupi sana ambavyo havitengenezi protini yoyote. Kazi yavyo ni kutafuta vikaratasi vya amri na kuvinyamazisha. Ni kama supavaiza anayezunguka kiwandani akichana baadhi ya oda kabla mashine hazijazisoma, ili bidhaa fulani isizidi. Vipande hivyo vinaitwa maikro-RNA. Wengi walifikiri ni mambo ya minyoo tu, hadi ikaonekana kwamba hata binadamu tunavyo, tena kwa mamia. Mwaka 2002 ikaonekana kwa mara ya kwanza kwamba katika saratani moja ya damu baadhi ya vipande hivyo vimepotea. Waliogundua habari ya ule mnyoo, Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Miaka thelathini na mmoja walingoja.

Kiwanda pia kina geti. Habari kutoka nje haziingii moja kwa moja hadi ofisini. Ujumbe hufika kwa mlinzi wa geti, mlinzi humwambia mtu wa mapokezi, huyu humwambia karani, na karani humwarifu meneja: ongeza kazi, au punguza, au simamisha. Ndivyo seli zinavyozungumza. Juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi, na kutoka hapo ujumbe hupitishwa kutoka protini hadi protini mpaka ndani. Mlolongo huo ndio wataalamu huuita njia ya mawasiliano ya seli. Mtoto akijikata kidole, ni njia hizo zinazoziambia seli za ngozi zigawanyike hadi kidonda kizibe. Kidonda kikiziba, ujumbe mwingine huziambia zitulie. Na seli iliyoharibika huamriwa ijiue yenyewe, kimya kimya, bila mtoto kuhisi lolote. Hili la seli kujiua lishike akilini, tutalirudia.

Saratani, basi, ni kiwanda ambacho amri ya "ongeza" imekwama, na amri za "tulia" na "kufa" hazifiki.

Katika limfoma ya Burkitt tunajua vizuri sana ni amri ipi iliyokwama. Kuna jeni inayoitwa MYC. Ifikirie kama meneja mwenye kazi moja ya kupaza sauti: gawanyikeni, gawanyikeni! Katika seli ya kawaida meneja huyu hufunguliwa mlango kidogo tu, kisha hufungiwa. Katika ugonjwa huu, ndani ya seli moja ya kinga, aina inayotengeneza silaha za kupambana na magonjwa, kitabu cha maagizo hukatika mahali pawili na kuunganishwa vibaya. Kipande chenye MYC, kutoka kromosomu ya 8, hubandikwa karibu na jeni ya kutengeneza silaha hizo, kwa kawaida kwenye kromosomu ya 14. Na jeni ya silaha, katika seli hiyo, huwaka usiku na mchana. Ni kama mtu aliyefunga swichi kwa waya isizimike tena. MYC naye anawaka nayo.

Hapo ndipo zile RNA ndogo zinapoingia. MYC akishapata nguvu huajiri kundi la maikro-RNA linaloitwa miR-17-92. Kundi hilo huzunguka likichana vikaratasi vya breki. Mojawapo ya breki hizo ni protini iitwayo PTEN, ambayo kazi yake ni kutuliza njia moja kubwa ya mawasiliano ya kukua, iitwayo PI3K. Breki ikichanwa, njia hiyo inabaki wazi. Nyingine ni BIM, protini inayosaidia seli mbovu kujiua. Wakati huo huo MYC huzipunguza maikro-RNA za jamii ya let-7, ambazo zilikuwa zikimchania MYC mwenyewe vikaratasi vyake. Yaani amewafukuza wasimamizi waliomzuia na kuwaajiri wanaomsaidia. Hakuna aliyepanga hila hii. Ni ajali katika seli moja, lakini matokeo yake yanafanana sana na hila.

Kuna mgeni pia ndani ya kiwanda. Ili tumfahamu, turudi nyuma kidogo.

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya juu na chini, upande wa kulia na wa kushoto. Muda mfupi baadaye, huko Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule ule. Hapo akashuku kwamba si jambo la bahati. Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto hawa, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri kwa majuma kumi, kilomita kama 16,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali kwa hospitali: mmeona uvimbe huu? Jibu lilichora ramani. Mahali pa joto na mvua, ugonjwa upo. Mahali pa juu penye baridi, haupo. Ilikuwa karibu ramani ya malaria.

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe huo kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona ndani ya seli hizo virusi ambavyo havikuwa vimejulikana kabla. Leo tunaviita virusi vya Epstein-Barr. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, navyo vilitoka kwa watoto wa Afrika Mashariki.

Virusi hivi huenea kwa mate. Karibu kila mtu mzima duniani anavyo, na hapa kwetu watoto wengi huvipata kabla ya miaka mitatu. Kwa kawaida havifanyi lolote, hulala tu ndani ya seli za kinga maisha yote. Ninataja jambo hili kwa sababu najua kitakachotokea: kuna mtu atasema, ni nyanya aliyemtafunia mtoto chakula ndiye aliyemletea saratani. La. Ungemlea mtoto ndani ya kabati angevipata tu siku moja. Kati ya maelfu kwa maelfu ya watoto wenye virusi hivi, ni wachache mno wanaopata saratani. Wala saratani yenyewe haiambukizi. Mtoto mgonjwa anaweza kula sahani moja na ndugu zake.

Mgeni huyu naye alikuja na kitabu chake cha vikaratasi. Mwaka 2004 watafiti waligundua kwamba virusi vya Epstein-Barr vinatengeneza maikro-RNA zao wenyewe, na ndivyo virusi vya kwanza kujulikana kufanya hivyo. Sasa zimehesabiwa zaidi ya arobaini. Baadhi yake, ndani ya seli za Burkitt, huchana vikaratasi vya zile protini za kujiua. Mnakumbuka nilisema seli iliyoharibika huamriwa ijiue? Seli yenye MYC iliyofungwa kwa waya ilipaswa kufa siku ile ile. Meneja anayepiga kelele namna hiyo huistua seli nzima, na amri ya kufa hutolewa. Lakini kikaratasi kinachanwa njiani. Seli inaishi, inakuwa mbili, nne, nane.

Kuna RNA nyingine ndogo za virusi hivi, zinaitwa EBER, ambazo ni nyingi ajabu ndani ya seli moja. Hizi zina faida kwetu: maabara hupaka kipande cha uvimbe rangi maalumu inayozishika, na daktari akaona wazi kwamba virusi vimo. Kwa hivyo ukiambiwa kipande kimepelekwa kupimwa EBER, ujue ndizo hizo.

Na malaria? Kimelea cha malaria hakimo ndani ya uvimbe. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, tangu uchanga, seli zake za kinga zinalazimika kugawanyika bila kupumzika zikitengeneza silaha, na katika kutengeneza silaha hizo zina kimeng'enya kinachokata DNA makusudi ili kuipanga upya. Kadiri kimeng'enya hicho kinavyofanya kazi muda mrefu, ndivyo uwezekano wa kukata mahali pasipofaa unavyoongezeka. Tena malaria hudhoofisha askari wa mwili wanaowachunga virusi vya Epstein-Barr, na virusi huongezeka. Ndipo mambo mawili yakakutana katika mtoto mmoja. Chandarua unachompa mtoto anapokwenda kwa nyanya yake Siaya kinafanya kazi zaidi ya unavyodhani. Vivyo hivyo chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa sehemu za magharibi mwa Kenya mwezi wa Septemba 2019. Mtoto akiishi huko, mwombe nyanya amfuatilizie kliniki dozi zote.

Habari hii ya RNA ndogo haikufanyiwa utafiti Ulaya na Marekani pekee. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, pale Kisumu, pamoja na washirika wake wa Marekani, ilisoma maikro-RNA katika vipande vya uvimbe vya watoto 17 wa Kenya, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Waliona kwamba maikro-RNA za virusi zilikuwa kama asilimia 2.7 ya zote zilizokuwamo. Tena kuna maikro-RNA moja ya binadamu, miR-10a, ambayo ilikuwa chini zaidi kwa watoto waliofariki kuliko kwa waliopona, na chini zaidi katika uvimbe wa taya kuliko wa tumbo. Watoto 17 ni wachache, na watafiti wenyewe walisema kazi zaidi inahitajika. Lakini fikiria siku daktari atakapoweza kusoma vikaratasi hivyo mapema, akajua ni mtoto yupi anayehitaji uangalizi mkali zaidi.

Je, kuna dawa ya kurekebisha maikro-RNA zenyewe? Kwa saratani hii, bado. Kulikuwa na jaribio moja la kuwapa wagonjwa wazima wa saratani mbalimbali maikro-RNA ya kutengenezwa, lakini lilisimamishwa mwaka 2016 kwa sababu ya madhara makubwa ya kinga ya mwili. Kwa hiyo, mtu akikupata steji ya matatu na chupa ya unga wa "kurekebisha jeni", mwache aendelee na safari yake na pesa zako zibaki kwenye leso.

Dawa zilizopo ni za zamani, na zinafanya kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Burkitt akiwa Kampala, na daktari Peter Clifford akiwa Nairobi katika hospitali tunayoiita leo Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, waliwapa watoto hawa dawa za kemotherapia na kuona uvimbe ukipungua kwa siku chache. Limfoma ya Burkitt ikawa moja ya saratani za kwanza duniani kuonekana kupona kwa dawa tu, bila kukatwa. Sababu ni ile ile swichi iliyofungwa kwa waya. Seli za ugonjwa huu hugawanyika upesi kuliko karibu saratani nyingine zote za binadamu. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na dawa za kemotherapia hushambulia zaidi seli zilizo katikati ya kugawanyika. Kwa hiyo haraka inayoutisha moyo wa mama ndiyo inayoufanya ugonjwa huu usikie dawa. Katika nchi tajiri karibu watoto tisa kati ya kumi hupona. Kwetu wanaopona ni wachache kuliko hapo, na sababu mbili kubwa ni kufika hospitalini tumeshachelewa, na kuacha matibabu katikati.

Tuanze na kuchelewa. Kwa kawaida uvimbe huu mwanzoni hauumi. Mtoto anacheza. Mama anaona shavu limejaa, meno ya upande mmoja yanalegea kabla ya wakati wake, anadhani ni jino bovu. Anakwenda mahali jino ling'olewe, anapewa dawa, anarudi nyumbani. Siwalaumu wanaofikiria jino, kwa sababu mara nyingi ni jino kweli. Lakini jipu la jino huuma, huleta homa, na likitibiwa hupungua. Ukiona uvimbe unaendelea kukua baada ya jino kung'olewa au baada ya siku chache za dawa, meno kadhaa yamelegea pamoja, au fizi zimenyanyuka, usiende duka la dawa kununua nyingine. Nenda Thika Level 5, au ukiwa upande wa Ruiru nenda hospitali ya pale, useme wazi: uvimbe huu unakua upesi, nataka mtoto apimwe kama ni saratani. Vivyo hivyo tumbo linalovimba upesi na kuwa gumu, au jicho linalotokeza. Na kama miguu ya mtoto imelegea ghafla, au hawezi kukojoa, usingoje asubuhi. Uvimbe unaweza kuwa unabana uti wa mgongo, na kila saa ina hesabu yake.

Usikubali uvimbe uchanjwe kwa wembe, uchomwe au ukandwe. Mtoto atakatwa kipande kidogo cha uvimbe au kufyonzwa kwa sindano, kisha kipande kiende maabara. Wengine husema saratani ikiguswa na kisu husambaa. Hii ya Burkitt haingoji kisu ili isambae. Kinachotafutwa ni jina lake, kwa maana bila jina hakuna dawa. Atapimwa damu pia, pamoja na ukimwi, kwa kuwa kinga ikiwa chini limfoma huja kwa urahisi. Usikasirike ukiombwa kibali.

Matibabu yenyewe huenda yakampeleka Nairobi, Kenyatta, au ile hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambayo kwetu sisi ni karibu zaidi. Kabla ya siku hiyo hakikisha mtoto ameandikishwa katika SHA, iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Kuandikisha mtoto huku amelala wodini kunawezekana, lakini kunapoteza siku, na tumeshaona siku moja ina maana gani kwa ugonjwa huu. Kama umejiandikisha wewe peke yako, angalia kama jina la mtoto limo.

Siku za kwanza za dawa, wauguzi watakuwa wakimpa mtoto maji mengi kwa dripu na kukuambia upime kila mkojo. Akina mama wengine huona ni usumbufu, wakamwaga. Usimwage. Seli nyingi zikifa kwa wakati mmoja humwaga takataka zake kwenye damu, na takataka hizo zinaweza kuziba figo. Mkojo ndio unaoeleza kama figo zinasafisha. Ukiona umepungua, mwite muuguzi hata kama ni saa nane ya usiku.

Kisha kuna sindano ya mgongo. Najua maneno yanayosemwa juu yake, kwamba hulemaza mtoto. Ugonjwa huu hupenda kujificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa inayopita kwenye mshipa wa damu haifiki vizuri. Sindano ile hupeleka dawa huko huko. Anayeikataa anamwachia ugonjwa chumba kimoja cha kujificha.

Nywele zitanyonyoka na kurudi. Mdomo utapata vidonda, basi uji uwe wa vuguvugu na usiwe na ndimu. Jambo la kuogopa ni homa. Dawa hizi hupunguza pia askari wa mwili, kwa hivyo mtoto aliye katika kemotherapia akipata homa nyumbani si wa kupewa dawa ya maumivu na kulazwa. Ni wa kurudi hospitalini siku ile ile.

Sasa lile la kuacha katikati, ambalo huniuma kuliko yote. Baada ya dozi ya kwanza au ya pili taya hurudi mahali pake. Mtoto anakula, anacheka. Baba anasema nauli imekwisha, mtoto amepona, turudi nyumbani. Machoni kweli hakuna uvimbe. Lakini seli chache zinabaki, na kila moja ina swichi yake iliyofungwa kwa waya na vikaratasi vyake vinachanwa kama zamani. Zikiachiwa majuma machache hujenga uvimbe mpya, na huu wa pili mara nyingi husikia dawa kidogo kuliko ule wa kwanza. Dozi za mwisho, zinazotolewa kwa mtoto anayeonekana mzima kabisa, ndizo zinazotafuta seli hizo. Ikiwa ni nauli, sema mapema, mwambie afisa wa ustawi wa jamii pale hospitalini, mwambie mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, ambia chama. Aibu ya kuomba nauli hupita.

Matibabu yakikamilika, ugonjwa ukitaka kurudi kwa kawaida hurudi katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo tarehe za kliniki za mwaka huo ziandike ukutani, hata kama mtoto amesharudi shule na anakimbia kuliko wenzake. Na ikiwa katika mwaka huo utamrudisha kwa nyanya, mpe nyanya nakala ya kadi yake ya hospitali na umwonyeshe kwa kidole mahali uvimbe ulipokuwa.